Hina Kabla ya Theluji

Nikipita nje ya saluni ya wanawake na kunusa hina iliyotiwa mafuta ya mikaratusi, huongeza mwendo. Rafiki zangu hudhani siipendi. Naipenda sana, na mikono yangu iliijua kazi ya hina kabla haijajua kufunga kamba za viatu. Ila harufu ile hunirudisha kwenye chumba kimoja cha Deira, Dubai, mchana, pazia limeshushwa, na mimi nimepiga magoti kando ya kitanda nikifanya jambo ambalo kwa miaka mingi nililiita utundu. Halikuwa utundu. Ulikuwa wivu, na wivu mimi sikuuanza jana.

Mama yangu alikuwa fundi wa hina. Wanawake wa Mombasa na Lamu waliokuwa Dubai walimjua kwa mkono wake mwembamba, na zikikaribia siku za Idi hata wenyeji walimtumia gari limchukue. Kazi yangu ilikuwa kuchekecha unga kwa mtandio mkuukuu, kuukanda kwa maji ya ndimu, kisha kujaza koni za nailoni. Koni zenyewe zililala kwenye friji kando ya mayai. Baba alikuwa karani wa mizigo ya Mombasa pale gatini, na jioni alirudi akinuka vitunguu na matairi mapya. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, kimoja chao, kimoja changu mimi na Mama mdogo.

Mama mdogo ni Saumu, mdogo wake Mama wa tumbo moja. Alifanya kazi za usiku kwenye mapokezi ya hoteli moja ya Al Garhoud, karibu na uwanja wa ndege, na alirudi asubuhi wakati mimi navaa sare ya shule. Kwenye mkoba wake mlikuwa na vijichupa vya jemu, siagi za vipande, na vijitabu vya safari vilivyoachwa na wageni. Nyinyi mliokulia mji ule miaka ile mnavijua vijitabu vyenyewe, karatasi nzito inayong'aa, na kila ukifika mwisho wa mwaka vyote vinahubiri Ulaya wakati wa baridi. Milima myeupe. Nyumba za mbao zenye paa lililoinama kwa uzito. Farasi anavuta kigari kisicho magurudumu, na ndani yake watu wamejifunika blanketi la miraba wakicheka kwa meno yote. Kwa kuwa vijitabu vilikaa mkobani pamoja na jemu, vilinuka stroberi, na mimi kwa miaka kadhaa niliamini kwa dhati kuwa theluji inanuka stroberi.

Tulikuwa na daftari letu. Ijumaa, siku yake ya mapumziko, tulikata picha na kuzibandika, yeye akiniandikia majina chini: Austria, Uswisi, Bavaria. Kisha tulishusha kiyoyozi mpaka kumi na sita, tukavaa sweta mbilimbili, tukaingia chini ya blanketi moja kufanya mazoezi ya baridi.

"Mnauchezea umeme," Mama alikuwa akisema kutoka jikoni.

"Tuko Uswisi, dada," Saumu alikuwa akijibu. "Huko hakuna mtu anayezima."

Kwenye duka moja kubwa la mjini kulikuwa na theluji ya mashine nyuma ya kioo, na watoto wa shule yangu waliingia kuteleza na kurudi darasani Jumapili, siku ya kwanza ya juma kule, wakijisifu. Sisi tuliitazama kwa nje, bure, pua zetu zimegandana na kioo. Nilimwomba tuingie. Alikataa. "Hiyo si theluji, hiyo ni friji," alisema. "Mimi na wewe tutaiona ya Mwenyezi Mungu. Ukifika miaka kumi na mbili nakupeleka, wallahi." Ahadi ni deni, kila mtoto wa pwani anafundishwa hivyo, nami nilikuwa na kumi. Niliwaambia darasa zima. Waliporudi Januari kutoka Ulaya na kofia zao za sufu na mashavu yaliyobabuka kwa baridi, niliwaonea wivu, lakini wivu wa mtu anayejua zamu yake inakuja.

Halafu akaja Nassor.

Alikuwa kijana wa Kizanzibari, wa familia iliyokaa Dubai miaka mingi, wana nyumba yao Al Warqa yenye bustani na paka watatu. Alikuwa mpole, na upole wake uliniudhi zaidi, kwa maana mtu mbaya ni rahisi kumchukia. Posa ililetwa, ikakubaliwa, na harusi ikapangwa mwanzoni mwa Desemba. Siku moja alipokuja na mama yake, Bi Zuwena, aliweka juu ya meza karatasi mbili za tiketi. Baada ya siku saba za fungate nyumbani, alisema, yeye na mke wake watakwenda Austria siku kumi. "Bibi harusi ameniambia anapenda theluji," alisema.

Nilimtazama Mama mdogo. Alikuwa ameinamisha kichwa kama wanavyofanya maharusi watarajiwa, lakini niliyaona mashavu yake. Alikuwa amefurahi. Amefurahi kabisa, bila hata chembe yangu ndani yake. Niliuma mdomo kwa ndani mpaka nikaonja damu. Theluji ile ilikuwa yangu, na yule bwana asiyejua hata daftari letu limewekwa wapi alikuwa ameichukua kwa adabu, huku anakula sambusa zetu.

Hapo ndipo kosa la kitoto lilipoanza kujijenga kichwani. Katika hesabu zangu, kilichokuwa kinaniondolea Mama mdogo ni safari. Watu wa kwenye vijitabu hawakuonekana wakirudi nyumbani, walikuwa wanacheka tu kwenye kigari. Al Warqa haikunitisha, ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa gari. Harusi niliiona kuwa ni siku ya nguo mpya na biriani. Niliamini Ulaya ikizuilika, Saumu atabaki kitandani kwake, upande wa dirisha, na mambo yatarudi yalivyokuwa.

Barua ya miadi ya viza ya Austria Saumu aliichapisha hotelini. Asubuhi hiyo alinipa nipange karatasi kwenye faili, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa hodari wa Kiingereza cha maandishi na yeye macho yalikuwa mazito kwa usingizi. Barua ya kazi, bima, picha mbili, tiketi. Nikaisoma ile ya miadi mpaka chini, kwenye maandishi madogo ambayo watu wazima huyaruka. Ilisema mwombaji atachukuliwa alama za vidole vyote kumi. Ilisema vidole viwe safi, visiwe na jeraha, visiwe na hina.

Nilirudia mstari ule mara tatu. Kisha nikaiweka barua mahali pake, chini ya bima.

Miadi ilikuwa Jumapili. Jumamosi Saumu alitoka zamu ya usiku, akala andazi moja, akalala fofofo. Mama alikuwa ameitwa Mirdif kwenye kazi, Baba yuko gatini. Nilitoa koni kwenye friji, nikaishika mikononi ipate joto kidogo, nikakata ncha kwa mkasi. Mkono wake ulikuwa umening'inia nje ya kitanda. Nilianza na kidole gumba. Sikuchora ua, sikuchora jani. Nilipaka nene, kuanzia ncha mpaka pingili ya kwanza, pande zote, kama tunavyowafanyia bibi harusi wa kizamani. Alipogeuka nilishika pumzi, kisha nikazunguka upande wa pili nikamalizia mkono wa kushoto. Hina ilipoanza kukauka niliipigia pamba ya maji ya ndimu na sukari ishike sawasawa, kwa kuwa hata katika ubaya nilikuwa mwanafunzi wa fundi. Nilikaa sakafuni nikimlinda asijifute. Nawaambia ukweli, nilijisikia vizuri.

Aliamka saa za alasiri. Alivitazama vidole vyake kwa muda, akaibanduabandua hina iliyokauka, vikatoka rangi ya chungwa.

"Wee mtoto," alisema, "umenifanya mke wa mtu kabla ya siku yangu."

Akacheka. Alidhani ninacheza. Alidhani nimeona wivu wa kawaida wa msichana anayetaka kumpamba bibi harusi kabla ya wengine. Alikwenda kuosha kwa sabuni, kwa ndimu, kwa dawa ya meno, na hina ikawa inazidi kupendeza. Kwetu msichana hapaki hina mpaka aolewe. Hina ya kwanza hupakwa na fundi mbele ya wanawake wa pande mbili, na ndiyo inayosema kuwa huyu sasa ana mume. Jambo hilo nililijua kama nilivyojua jina langu, lakini siku hiyo sikulifikiria hata kidogo. Mimi nilikuwa nafikiria mashine ya alama za vidole.

Mama aliporudi na kuviona vidole vile, mkoba ulimwanguka. "Nani kakutia hina?"

Saumu alinitazama. Mkono wa Mama ulikuwa mwepesi wa kupiga, na sote wawili tulijua.

"Nimejitia mwenyewe, dada. Nilikuwa naijaribu rangi."

"Mtu mzima na akili zako," Mama alisema, akafyonza.

Kesho yake Nassor alikuja na gari, na mama yake amekaa mbele. Ilikuwa haifai wachumba wafuatane peke yao, kwa hiyo Bi Zuwena alikuja kwa upande wao, na kwa upande wetu nikatumwa mimi. Saumu aliivuta mikono ndani ya mikono mirefu ya abaya yake. Usiku ule hina ilikuwa imefanya kazi yake, rangi ya chungwa imekwenda, imekuja hudhurungi iliyoiva. Njia nzima alizungumza na Bi Zuwena kuhusu paka wa Al Warqa na hakutoa kidole hata kimoja nje.

Kwenye dirisha la viza alikaa msichana wa Kifilipino mwenye sauti laini. Nassor alipita kwanza, dakika mbili, amekwisha. Kisha Saumu. Aliombwa aweke vidole vinne vya mkono wa kulia juu ya kioo, na hapo hakuwa na budi. Mikono ilitoka.

Mashine ililia. Msichana akafuta kioo, akamwambia ajaribu tena. Ikalia tena. Akampa kitambaa chenye dawa, akasugua, akaweka kushoto, ikalia. Msichana akavigeuza vidole vya Saumu, akasema kwa Kiingereza, kwa huruma kabisa, "Samahani, mpenzi, hina imefunika mistari. Njoo ikishatoka." Aliangalia kompyuta yake. Nafasi iliyokuwa karibu ilikuwa mwisho wa Januari.

Nassor aliuliza kama hakuna njia nyingine. Hakuna. Lakini Bi Zuwena hakuwa akisikiliza habari za Januari. Alikuwa amesimama nyuma ya mkwe wake, anaitazama mikono.

"Hebu nione, mwanangu," alisema, na akaishika. "Hina hii katia nani?"

"Mimi mwenyewe, mama."

"Kwa ajili ya nani?"

Saumu alinitupia jicho mara moja tu. Halikuwa jicho la kunishitaki, lilikuwa jicho la kuniambia ninyamaze, yeye atayamaliza. Nami nilinyamaza. Kunyamaza kulikuwa rahisi mno.

"Mwari wa kwetu hatiwi hina mpaka siku yake," Bi Zuwena alisema. "Mie sisemi kitu. Nauliza tu."

"Hapana neno, mama," Nassor alisema, lakini alilisema akitazama sakafu, na garini wakati wa kurudi alizima redio.

Kwa siku mbili baada ya hapo, harusi ilikaa roho juu. Bi Zuwena alituma salamu kuwa angependa mambo yasogezwe mbele kidogo, watu wapate kuulizana. Mama alilia jikoni. Baba alikwenda Al Warqa na mzee mmoja wa Kimombasa kusema maneno ya watu wazima. Saumu aliendelea kwenda kazini na kurudi, na asubuhi alipojilaza nilimwona anavisugua vidole kwa jiwe la kusugulia nyayo. Na mimi? Mimi nilikuwa nasali harusi ivunjike. Niliona aibu kidogo, ila furaha ilikuwa kubwa kuliko aibu, na ningeambiwa nichague tena ningepaka na viganja.

Haikuvunjika. Nassor mwenyewe alimwambia mama yake kuwa anamwoa Saumu, haoi vidole. Siku ya hina yenyewe ilipofika, wanawake walijaa sebuleni, na Mama alichora mpaka kwenye viwiko, kazi nzuri kuliko zote nilizoziona mkononi mwake. Mwishoni Saumu alinyoosha mkono wa kushoto kwangu mbele ya wote. "Kidole cha mwisho anitie huyu," alisema. "Ni fundi wangu." Wanawake wakacheka. Bi Zuwena hakucheka. Nilishika koni, na mstari ukanienda upande.

Usiku wa harusi watu wa Nassor walimchukua. Asubuhi nilisubiri mlango ufunguliwe, mkoba uwekwe mezani, vijichupa vigongane. Siku ya pili nilisubiri pia. Siku ya tatu nilimwendea Mama, nikamuuliza Mama mdogo anarudi lini, si safari imevunjika?

Mama alikuwa anakunja shuka za kitanda cha Saumu. "Iliyovunjika ni safari ya Ulaya, mwanangu," alisema. "Ndoa haikuvunjika. Anaishi kwa mume wake sasa."

Nilikuwa nimezuia siku kumi. Maisha mazima yalipita mbele ya macho yangu na sikuyagusa. Alipokuja kututembelea baada ya fungate alikaa kwenye kiti cha wageni, amevaa dhahabu, na alipotaka maji aliomba. Nilimletea. Nilimkasirikia kwa kuomba.

Baadaye ndipo nilipoanza kuelewa alichokibeba. Kila penye harusi, kila palipo na koni na wanawake wamekaa duara, Bi Zuwena alitafuta nafasi ya kusema, kwa utaratibu, bila kumtaja mtu, kuwa wengine hujipaka mapema. Watu hucheka. Saumu alikuwa akitabasamu na kuendelea kumenya machungwa ya watoto. Nami nilikuwa nimekaa palepale, naendelea kula biriani yangu. Nilikuwa na kumi na mbili, nikawa na kumi na tano, nikawa na kumi na nane, na kila mara nilijiambia nitasema wakati mwingine. Nassor naye hakukata tiketi tena. Kazi zilizidi, mtoto alizaliwa, mama yake akawa anaumwa, na theluji haikutajwa.

Bi Zuwena alifariki, Mungu amrehemu. Miaka miwili iliyopita Nassor aliwapeleka hatimaye, Saumu na binti yao Rahma, ambaye alikuwa ametimiza kumi. Nilikuwa kazini picha zilipoingia kwenye simu. Rahma amevaa koti jekundu. Rahma amelala chali kwenye theluji, ametanua mikono. Saumu na Rahma ndani ya kigari, chini ya blanketi moja, wanacheka. Nampenda mtoto yule, nimempakata siku aliyozaliwa. Lakini kitu cha kwanza kilichonipanda kifuani kilikuwa kilekile, kizima, kama hakijawahi kulala. Mwanamke mzima, nina kitambulisho cha kazi shingoni, nimeingia chooni nikalia kwa sababu ya koti la mtoto.

Nikiwa humo humo chooni nilimrekodia ujumbe wa sauti, nikamwambia yote. Kwamba niliisoma barua, na mstari niliurudia mara tatu, na haukuwa mchezo.

Aliusikiliza siku hiyohiyo, niliona. Hakujibu siku tatu. Siku ya nne akapiga.

"Barua uliisoma."

"Niliisoma."

"Na ukaielewa."

"Niliielewa, Mama mdogo."

Nilisikia upepo kwenye simu, na hatua zake zikikanyaga kitu kinachovunjikavunjika. "Mimi nilikufichia nikidhani ni mchezo," alisema. "Miaka yote ile yule mama ananisema, mimi najiambia, khalas, basi, ni mtoto, alikuwa anacheza. Ndiyo iliyokuwa inanisaidia kukaa pale."

"Najua."

"Hujui." Hakupandisha sauti. Alitembea kidogo, kisha akauliza, "Ulikuwa unamwonea wivu Nassor, au ulikuwa unanionea mimi?"

"Nyote wawili. Yeye kwa kukupata, wewe kwa kwenda."

"Na sasa?"

Ningeweza kumwambia uongo wa kistaarabu. Maneno yalikuwepo, watu wazima tunayo mengi. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya vya kutosha kwa kunyamaza.

"Sasa namwonea wivu Rahma," nilisema.

Hakucheka. Nilimsikia anavuta pumzi ya kutaka kusema, na kwa mbali sauti ya Rahma ikamwita aje haraka aone.

"Nakuja, mama," alimjibu, kwa upole uleule aliokuwa akinijibu mimi, na simu ikakatika.